Barabara ya Lushoto na Njia ya Vuga

Safari ya siku moja kwa gari kwenda Usambara Magharibi ina mpangilio wake uliokwisha kuzoeleka. Watu hutoka Tanga, Korogwe, Same au hata Moshi alfajiri, huiacha barabara kuu pale Mombo, hupanda kona za korongo kwa kilomita 30 na ushei, hupumzika Soni kutazama maporomoko ya maji, kisha huingia Lushoto mjini kabla ya adhuhuri. Wakiwa huko huyatembelea makanisa ya kale ya wamisionari, husimama kwenye mwamba wa Irente na kuitazama nyika ya Mazinde chini yao, hununua plamu na mapichi ya msimu, na wengine hupitia kwa watawa Wabenedikto wa Sakharani kutafuta makadamia na divai. Jua likikaribia kutua wamekwisha kushuka. Ni safari nzuri, nami sina neno na anayeifurahia. Lakini humfundisha abiria historia bila yeye kujua kwamba yumo darasani. Humfundisha kwamba moyo wa milima hii ni Lushoto, kwamba utukufu wa kidini ulipanda huku pamoja na Wajerumani, na kwamba kabla yao palikuwa na misitu, migomba na vijiji vilivyotawanyika. Nadai kwamba mafunzo hayo yanatokana na barabara yenyewe: ilipopita, ilipokomea, na nani aliamuru ipite hapo. Mahali palipokuwa patakatifu kuliko pote katika Usambara pako pembeni mwa barabara hiyo, na gari nyingi hupita karibu napo bila kukunja kona.

Mahali hapo ni Vuga. Kwa zaidi ya karne moja njia za miguu za milima hii zilielekea huko. Mji ulikuwa makao ya wafalme wa Kilindi, ukoo uliotokana na Mbegha, mwindaji kutoka Nguu ambaye masimulizi yanamtaja kuwa aliua simba na kugawa nyama hadi watu wa milimani wakamtaka awatawale. Habari hizo tunazo kwa Kiswahili kizuri, kwa sababu Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, aliyeishi miongoni mwa Wakilindi, aliziandika katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa kwa sehemu na mtambo wa misheni ya Magila katika miaka ya 1890. Mfalme wa Vuga, Simba Mwene, hakuwa mtawala wa kukusanya kodi tu. Alikuwa na uganga wa mvua, na kwa fikra za Wasambaa afya ya nchi nzima ilitegemea hali ya mamlaka yake. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeuchunguza ufalme huu kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1974, ameonyesha jinsi watu walivyolitazama jambo hilo: mamlaka yakikaa mkononi mwa mmoja mwenye nguvu, nchi hupona, mvua hunyesha na chakula hupatikana, wenye nguvu wawili wakishindana, nchi huharibika na njaa huingia. Kwa hiyo Vuga ilikuwa ikulu na mahali pa ibada kwa wakati mmoja, na mtu wa karne ya 19 asingeona sababu ya kuvitenganisha viwili hivyo.

Uzito wake haukuishia milimani. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862 baada ya kutawala kwa miongo mingi, alikuwa na sauti hadi pwani, ambako yeye na Sultani wa Unguja kila mmoja alidai haki ya kuwathibitisha madiwani wa miji kama Tanga na Pangani. Ushuru ulipanda mlima. Wageni nao walipanda, na namna walivyopokewa inaonyesha ni mji wa aina gani. Johann Ludwig Krapf alifika kwa Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852, akitafuta ruhusa ya kuanzisha misheni. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walitembea kwa miguu kutoka Pangani hadi huko, wakapewa nafasi ya kuonana na mzee Kimweri, lakini mji wenyewe hawakuruhusiwa kukaa ndani yake; walipangiwa malazi nje. Mwaka 1867 Charles Alington wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alipanda naye kumwomba mtawala wa Vuga ardhi ya kituo, na alichopata ni Magila, huko chini ukingoni mwa milima, ambako leo watu wengi hupaita Msalabani. Katika miaka hiyo ishirini swali la nani aingie, aingie wapi na alale wapi lilijibiwa na Vuga. Mgeni hakujipangia ratiba.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu linatoka katika historia hiyo hiyo, na ni zito. Mtu anaweza kusema kwamba Vuga ilikwisha kufifia kabla Mjerumani hajachora ramani yoyote, hivyo si haki kuilaumu barabara. Ni kweli kwamba ilififia, na aliyeanza kuififisha alikuwa mwana wa Kimweri mwenyewe. Semboja alikaa Mazinde, kule tambarare, kwenye njia ya misafara iliyopita chini ya milima kati ya pwani na bara. Kwenye njia hiyo zilipita pembe, watumwa, nguo, na zaidi ya vyote bunduki na baruti. Baba yake alikuwa na mvua. Yeye akawa na silaha. Baada ya kifo cha Kimweri alimwondoa mrithi Shekulwavu kutoka Vuga, na alipoushinda mji alifanya jambo ambalo babu zake wasingelifikiria: hakuhamia humo. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, awe mfalme wa Vuga, naye akabaki Mazinde kando ya barabara. Kwangu mimi hicho ndicho kipindi kinachoeleza mengi kuliko vyote katika historia ya milima hii. Mtu mwenye haki ya kukaa kwenye kiti cha mvua aliona kwamba kukaa njiani kuna faida zaidi. Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita, ya watu kukamatana na kuuzana, na Wasambaa waliisoma kama walivyofundishwa kuisoma: wenye nguvu wawili wanashindana, nchi inaharibika. Kwa hiyo sisemi kwamba barabara ya Wajerumani ndiyo ya kwanza kuipindua Usambara. Nasema kwamba ilikuja kukifanya cha kudumu kile ambacho Semboja alikianzisha kwa bunduki, yaani kuugeuza uso wa milima uitazame nyika. Wajerumani waliufuata mkondo huo kwa karibu sana: kituo chao cha mwanzo cha kijeshi upande huu walikiweka Mazinde.

Wamisionari, kwa upande wao, waliifuata ramani ya kale. Hili ni jambo ambalo mgeni wa siku moja hawezi kulijua akiyatazama makanisa peke yake. Wamisionari Walutheri wa chama kilichoanzishwa Berlin mwaka 1886, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Bethel, walianza Mlalo mwaka 1891, wakaenda Vuga mwaka 1895 na Bumbuli mwaka 1899. Mlalo ulikuwa mji wa Wakilindi, Bumbuli ulikuwa mji wa Wakilindi, na Vuga ndiyo iliyokuwa mama wa miji yote. Hawakuchagua vilima kwa ajili ya hewa nzuri tu, ingawa hewa nzuri waliipenda. Walikwenda pale ambapo watu walikwisha kuzoea kukusanyika mbele ya mamlaka. Mlalo ndiko mmisionari Ernst Johanssen alikopata uzoefu aliokwenda nao Rwanda mwaka 1907 kuanzisha kazi ya misheni huko. Vuga ikapata mtambo wa uchapaji ambao jina lake lilisomwa kwenye vitabu vya Kiswahili mbali na Usambara. Kwa hiyo anayesimama mbele ya kanisa la kale katika milima hii anasimama pia mbele ya uamuzi wa Mkilindi fulani kuhusu mahali pa kujenga mji, uliofanyika vizazi kadhaa kabla. Na mwaka 1895 una kumbukumbu nyingine ambayo haifai kutajwa mbali na kuanza kwa misheni ya Vuga: ni mwaka huo huo Wajerumani walipomnyonga Mputa, mfalme wa Vuga. Sidai kwamba wamisionari ndio waliomnyonga. Ninachosema ni kwamba kanisa lilipoanza, mji ulikuwa umefiwa, na anayelitembelea kanisa hilo bila kulijua hilo ameona nusu tu ya alichokwenda kukiona.

Lushoto haina asili hiyo. Wajerumani waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1890, wakaiita Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari wao, na kuifanya makao ya wilaya. Waliipenda kwa sababu zao: iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, mbu ni wachache, na Mzungu aliyechoshwa na joto la pwani aliweza kupata afya. Njia ya reli kutoka Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, ilifika Mombo mwaka 1905 na kuendelea hadi Moshi miaka michache baadaye. Kuanzia hapo Mombo ikawa mlango wa milima, na barabara kutoka stesheni kupanda hadi bomani ikawa uti wa mgongo wa Usambara Magharibi. Iliwekwa kuwahudumia afisa, mlowezi na gunia la kahawa. Kwingineko, kule Shume, walowezi walifunga waya wa kushushia magogo ya mierezi hadi Mkumbara relini. Kila kitu sasa kiliteremka kuelekea reli, wakati zamani kila kitu kilipanda kuelekea Vuga.

Na barabara hizo zilikuwa na jasho la watu ndani yake. Mwaka 1907 utawala wa wilaya ya Wilhelmstal ulianza utaratibu wa kadi za kazi: kila mwanamume Mwafrika alipaswa kubeba kadi na kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa mwajiri Mzungu, kwa ujira uliopangwa, na asiyetimiza alichukuliwa kwenda kufanya kazi za serikali. Utaratibu huo ulijulikana sana hata nje ya wilaya, kwa sababu walowezi wa sehemu nyingine walitamani uigwe. Unapoitazama barabara ya mlima iliyochongwa ubavuni mwa jabali, jiulize mwenye sururu alikuwa nani na aliacha shamba la nani bila kulimwa. Katika safari za siku hizi makanisa hupata maelezo, na maporomoko ya maji hupata picha, lakini barabara hupitwa tu kana kwamba iliota yenyewe. Naona ni kosa. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni masalio ya kihistoria yenye ukubwa kuliko kanisa lolote la wilaya hii, na ndiyo masalio pekee ambayo kila mgeni hutumia saa nzima juu yake.

Pingamizi la pili ni la kiutendaji, na waongozaji wa safari hulitoa kwa nia njema kabisa: Vuga hakuna cha kuona. Mji uliteketea kwa moto mwaka 1898 na haukujengwa tena kama ulivyokuwa. Nyumba zake zilikuwa za miti na nyasi. Hakuna ukuta uliobaki, hakuna mnara, hakuna nguzo za mawe kama za magofu ya Kaole au Gede. Mgeni aliyelipa mafuta na chakula anataka kitu cha kukitazama. Nalielewa neno hili, lakini linabeba ndani yake kipimo ambacho hakikutoka Usambara, kwamba mahali patakatifu hujulikana kwa jengo lililodumu. Wakilindi hawakukosa uwezo wa kujenga jambo la kudumu. Walilijenga katika mpangilio wa watu. Mji ulikuwa na sehemu zake, na wazee wasio Wakilindi wenye kazi zao maalumu, ambao bila wao mfalme mpya asingeweza kusimikwa. Moto uliweza kuziunguza nyumba zote za Vuga bila kuigusa haki hiyo. Ushahidi uko wazi: Waingereza walipotaka kutawala kwa kupitia watawala wa jadi, walimrudisha Kinyashi, aliyekuwa ameuacha ufalme wakati wa Wajerumani, wakamsimika tena mwaka 1926. Hakudumu, alijiuzulu mwaka 1929, lakini serikali ya kikoloni iliyokuwa na boma lake, magari yake na barabara zake huko Lushoto ilikuwa imekiri kwamba neno la kuwafikia Wasambaa lilihitaji kutoka Vuga. Mahali ambapo pameungua miaka 28 kabla na bado panahitajika hivyo hapawezi kuitwa patupu.

Hata hivyo, kipimo cha jengo kinaificha dini nyingine kuliko kinavyouficha ufalme. Sehemu kubwa ya watu wa milima hii leo ni Waislamu, na bado katika safari ya kawaida ya siku moja Uislamu wa Usambara hauna kituo. Sababu yake ni jinsi ulivyoingia. Ulipanda kwa miguu, pamoja na wafanyabiashara kutoka Pangani na Tanga, na makarani waliojua kuandika. Semboja na wenzake wa Mazinde walikuwa wamezoea mavazi na adabu za pwani kabla misheni yoyote haijapata kiwanja juu ya mlima. Baadaye ulienezwa na walimu wa Kisambaa wenyewe, kijiji hadi kijiji, kwa vyuo vya Kurani vilivyokaa barazani. Dini ya namna hiyo haikuomba hati ya ardhi kubwa, haikuchoma matofali, haikuleta mhandisi kutoka Ulaya. Misikiti ya mwanzo ilikuwa ya udongo, nayo hubomolewa na kujengwa upya kila waumini wanapoongezeka, kwa hiyo msikiti mzee kuliko yote katika kijiji unaweza kuwa na bati jipya kuliko yote. Mwenye gari anayetafuta ukale kwa macho ataupita. Wala si kwamba habari zake hazipatikani. Ziko kwa masheikh na kwa wazee, na zinahitaji kikao, salamu ndefu na muda, vitu ambavyo ratiba ya kurudi kabla ya giza huvibana.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la tatu, ambalo binafsi nalipa uzito kuliko mengine. Gari limeifaidisha Usambara. Tangu miaka ya 1990, mradi wa utalii wa utamaduni ulioanzishwa Lushoto kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, umewapa vijana wa hapa kazi ya kuongoza wageni, na kazi hiyo imewafanya baadhi yao waulize wazee habari ambazo vinginevyo zingepotea. Wasambaa waliohamia Dar es Salaam na Tanga hurudi kwa mazishi, harusi na sikukuu kwa sababu basi na gari dogo vinafika. Kanisa la Mlalo lingekuwa hadithi tu kwa Watanzania wengi kama lami isingesogea mbele. Yote ni kweli. Kwa hiyo sipendekezi mtu aache gari Mombo apande kwa miguu ili athibitishe uchaji wake. Mababu wenyewe wangelipanda gari kama wangelipata. Ninachokataa ni dhana kwamba kinachofikika kwa urahisi ndicho kilichokuwa kikubwa. Barabara inaweza kumfikisha mtu Vuga pia. Njia ya kwenda huko huchepuka upande wa Soni, si mbali na pale magari yanaposimama kwa ajili ya maporomoko, na kinachokosekana ni sababu ya kukunja kona.

Sababu hiyo hupatikana mtu akibadili mfuatano wa vituo, bila kuongeza siku. Safari ianzie chini, Mazinde, ambapo njia ya misafara na mwana wa mfalme vilikutana. Hapo abiria ataelewa bunduki zilitoka wapi. Kisha apande Mombo hadi Soni akijua kwamba barabara aliyo juu yake ina historia ya kadi za kazi. Soni akunje kwenda Vuga, akaonane na wenyeji wanaoijua habari ya mji, asimame mahali ulipokuwa na kwenye kanisa lililoanza mwaka aliponyongwa Mputa. Lushoto iwe ya mwisho, mchana, ionekane kama ilivyo: mji mdogo mzuri wa kiserikali, mchanga kuliko majirani zake wote. Kwa anayetoka Moshi au Same mpango huu ni mwepesi, maana Mazinde iko njiani kabla ya Mombo. Anayetoka Tanga au Korogwe atalazimika kuipita Mombo, aende Mazinde, kisha arudi nyuma kabla ya kupanda. Wakati wa masika aulize kwanza hali ya barabara ya udongo kwenda Vuga, kwa sababu utelezi wa milimani hauchagui dereva, na kama gari ni dogo akodi bodaboda za Soni.